Kamusi za mtandaoni: Jinsi ya kuitambua iliyo ya kuaminika

Na MWANDISHI WETU

SENTENSI 'watoto walishinda njaa' haina utata wowote kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili. Watoto hao hawakutia chochote kinywani tangu asubuhi hadi jioni. Lakini mgeni wa lugha akilichukua neno 'shinda' na kulitafuta katika orodha ya mtandaoni inayotoa maana moja tu, ataambiwa kwamba kushinda ni kupata ushindi. Atakapomaliza kutafsiri, watoto waliokosa chakula watakuwa wamegeuka mashujaa walioiangusha njaa. Habari ya maafa itakuwa imekuwa habari ya furaha, ilhali hakuna herufi hata moja iliyoendelezwa vibaya.

Makosa ya aina hii ndiyo yanayowatia hofu watu wa meza ya uhariri. Kosa la tahajia humrukia msomaji machoni na kurekebishwa. Kosa la maana hupita kimya kimya, likachapishwa, likanukuliwa na wengine, na baada ya muda likawa ushahidi. Mwanafunzi anayeandika insha, karani anayetafsiri barua ya ofisi, muuguzi anayesoma maelezo ya dawa kutoka ng'ambo na mwanahabari anayekimbizana na saa, wote leo hutoa rununu mfukoni na kumuuliza msaidizi wasiyemjua. Ni haki yao kujua ni nani huyo anayewajibu.

Yafaa kwanza kutenganisha vitu vitatu ambavyo watu wengi huviita kamusi. Kipo kile ambacho kwa hakika ni orodha ya maneno mawili mawili: upande huu Kiswahili, upande ule Kiingereza, basi. Upo mtambo wa kutafsiri, ambao hupewa sentensi na kurudisha sentensi. Halafu ipo kamusi yenyewe, yaani kazi iliyohaririwa na watu wanaojulikana, ambamo kila neno linaloingizwa hupewa aina yake, maana zake zote kwa mpangilio, mifano ya matumizi na, inapobidi, asili yake.

Mtambo si adui. Huduma ya tafsiri ya Google ilianza mwaka 2006, ikakipokea Kiswahili mwaka 2009, na kuanzia 2016 kampuni hiyo ilianza kuhamia mbinu zinazoitazama sentensi nzima badala ya vipande vyake. Tafsiri zake zimekuwa laini kuliko zilivyokuwa. Hata hivyo, mtambo hukisia neno linaloelekea kufaa mahali fulani, na hauna wajibu wa kukuonyesha maana nyingine ulizoziacha. Programu za akili bandia zinazozungumza na mtumiaji nazo zimeongeza tatizo jingine: hueleza neno kwa lugha ya kujiamini hata pale zinapolibuni. Anayetaka kujua habari ya Kijerumani inahusu nini kwa jumla atafaidika na vyombo hivi. Anayetaka kuliweka neno katika mkataba, katika kitabu cha shule au katika ukurasa wa kwanza wa gazeti anahitaji kamusi.

Njia ya haraka ya kuipima kamusi usiyoijua ni kuitafutia neno unalolijua barabara. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na neno geni, na mtu asiyelijua neno hana namna ya kutambua kwamba amedanganywa. Kwa Kiswahili, andika 'paa'. Kamusi ya kweli itakuonyesha kwamba hapo pana maneno kadhaa yaliyofanana umbo tu: paa la nyumba, paa mnyama wa jamii ya swala, kupaa angani, na kumpaa samaki magamba. Andika 'mbuzi' uone kama itaikumbuka mbuzi ya kukunia nazi. Andika 'tembo' uone kama pombe ya mnazi imo pamoja na mnyama. Neno 'chungu' ni kipimo kizuri zaidi, kwa kuwa lina chombo cha kupikia, ladha, mdudu na wingi wa vitu. Ikiwa tovuti itakupa maana moja katika kila neno kati ya hayo, ifunge.

Jaribio la pili linahusu sarufi, na hapo ndipo tovuti nyingi zilizoundwa kwa kuiga kamusi za Ulaya zinapokwama. Kiswahili hubadilika mwanzoni mwa neno. Mwanafunzi anayekutana na 'hawakutuandikia' hatalipata neno hilo popote katika kamusi ya karatasi. Sharti alivue viambishi mpaka afike 'andika'. Katika kamusi ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, hata nomino nyingi zilizotokana na vitenzi ziliwekwa chini ya kitenzi, hivi kwamba anayetafuta 'mwandishi' alipaswa kujua kwamba njia inapitia 'andika'. Tarakilishi ingeweza kumwondolea msomaji mzigo huo. Basi ijaribu: andika 'meno' uone kama itakupeleka kwenye 'jino', 'macho' kwenye 'jicho', 'nyuso' kwenye 'uso'. Tazama pia kama nomino zimeonyeshwa ngeli zake na kama vitenzi vimeonyeshwa kuwa elekezi au si elekezi. Mwenyeji anaweza kuyapuuza hayo. Mwanafunzi wa kigeni, na hata mtoto wa mjini ambaye Kiswahili alikikuta shuleni, hawezi.

Matamshi nayo yasisahaulike. 'Barabara' inayotiwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya magari, na inayotiwa mkazo kwenye silabi ya pili ni sawasawa. Karatasi haina sauti. Mtandao unayo, na kamusi ya mtandaoni isiyoitumia nafasi hiyo haijamzidi babu yake kwa lolote.

Baada ya majaribio hayo, tafuta ni nani aliyeiandika na lini. Kwa Kiswahili nasaba hii ni ndefu na yenye manufaa kuijua. Kamusi ya mmishenari Ludwig Krapf, aliyeishi Rabai karibu na Mombasa, ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kiswahili kilichomo kina harufu ya Mvita. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha lugha katika makoloni ya Waingereza, lahaja ya Unguja ikiwa msingi, na kamusi ya Johnson ni tunda la kazi hiyo. Mwaka huo huo wa 1939 Padri Charles Sacleux alitoa jijini Paris kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, hazina kubwa ya maneno ya lahaja. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TUKI, ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ikairekebisha mwaka 2004, na toleo la tatu likafuata mwaka 2013 wakati taasisi hiyo tayari ilikuwa ikiitwa TATAKI. BAKITA nalo lilitoa Kamusi Kuu ya Kiswahili mwaka 2015.

Kitabu cha Krapf kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na hupatikana mtandaoni bila malipo. Mtafiti wa mashairi ya kale ya pwani ya Kenya atakipenda, kwa maana atakuta humo maneno ambayo kamusi sanifu ziliyaacha nje. Lakini mwanafunzi wa kidato cha nne anayekichukua kuwa mwongozo wa Kiswahili cha leo atapotea. Kitabu si kibaya. Ni cha karne nyingine. Ndiyo maana tovuti isiyosema maneno yake yameokotwa wapi yapaswa kutiliwa shaka kabla ya kitu kingine chochote. Maneno ya mwaka 1882 na ya juzi hukaa humo bega kwa bega bila alama ya kuyatenganisha.

Katika mtandao, Kiswahili hakikuchelewa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Martin Benjamin alianzisha mradi wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ambao watu wa kawaida, popote walipo, waliweza kuuchangia maneno, na wahariri wakayapitia. Mradi huo baadaye uliondoka Yale na kupanua azma yake kwa lugha nyingine. Wazo la kamusi inayoandikwa na umma lilikuja kuenea zaidi kupitia Wiktionary, iliyoanza Desemba 2002, ambayo ina tawi la Kiswahili liitwalo Wikamusi. Ubora wake hutofautiana sana kati ya lugha na lugha na hata kati ya neno na neno. Faida yake moja ni kwamba kila ukurasa una historia yake: unaweza kuona nani alibadilisha nini na siku gani. Orodha nyingi zilizojaa matangazo ya biashara haziwezi kukuonyesha hayo.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa Kenya ana haki ya kulidai. Sisi huandika tarakilishi. Jirani zetu wa Tanzania huandika kompyuta. Sisi twasema runinga, wao hupenda televisheni. Matatu ya Nairobi ni daladala jijini Dar es Salaam. Kamusi nzuri huonyesha neno linatumika wapi, wala haiamui kwamba upande mmoja unakosea. Mwandishi wa makala haya ana upendeleo wake kuhusu tarakilishi, lakini upendeleo si kazi ya kamusi.

Tukivuka hadi Kiingereza, mambo yanakuwa mengi na shida inageuka kuwa ya kuchagua. Swali la kwanza ni Kiingereza cha nani. Bungeni Uingereza, na hapa kwetu tulikorithi taratibu zake, kitenzi 'table' kina maana ya kuwasilisha mswada ili ujadiliwe. Katika bunge la Marekani kitenzi hicho hicho kina maana ya kuuweka mswada kando, na mara nyingi huo ndio mwisho wake. Mhariri anayetafsiri habari ya Washington kwa mazoea ya Nairobi ataandika kinyume cha yaliyotokea. Kwa habari za Marekani, fungua Merriam-Webster, ambayo imo mtandaoni tangu mwaka 1996 na ukoo wake unarudi hadi kwa Noah Webster na kamusi yake ya mwaka 1828. Kwa Kiingereza cha Uingereza, zipo za Oxford, Cambridge na Longman.

Wengi wetu, lakini, hatuhitaji kamusi iliyotungiwa wenyeji wa Kiingereza. Twahitaji ya mwanafunzi. Aina hii iliasisiwa na A. S. Hornby, mwalimu aliyefundisha Japani, ambaye kamusi yake ilitoka huko mwaka 1942 kabla ya Oxford kuichapisha mwaka 1948. Longman ilipotoa yake mwaka 1978 ilijiwekea sharti la kueleza maana zote kwa takriban maneno 2,000 ya kawaida, ili msomaji asitumwe kutafuta maana ya maelezo yenyewe. Kamusi hizi huonyesha kitenzi hufuatwa na kihusishi gani, neno ni la heshima au la mtaani, na zote mbili zina tovuti zisizotoza malipo. Mzazi anayetaka kumwekea mtoto kamusi moja ya Kiingereza katika simu aanzie hapo.

Kamusi kubwa ya Oxford, ile ya majuzuu 20 katika toleo la mwaka 1989, iliingia mtandaoni mwaka 2000 na husomwa kwa kulipia. Kazi yake ni kusimulia maisha ya kila neno tangu lilipoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 2022 iliingiza maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, likiwemo 'sambaza' kwa maana ya kumtumia mwenzako salio la simu. Neno letu limekwenda Oxford na kurudi likiwa limevaa suti.

Kwa Kifaransa, hazina iliyo wazi kwa wote ni ile iitwayo Trésor de la langue française, majuzuu 16 yaliyochapishwa kati ya mwaka 1971 na 1994 na kisha kuwekwa mtandaoni. Kwa maneno ya karne ya 19 na ya 20 ni vigumu kuipata iliyo bora zaidi. Lakini kazi ilikoma 1994, na msamiati wa baada ya hapo hautaupata humo. Kamusi ya Académie française, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka 1694, ilikamilisha toleo la tisa mwaka 2024 na husomwa bila malipo, ingawa hukawia mno kuyapokea maneno mapya.

Anayeshughulika na fedha awe macho zaidi. Neno la Kifaransa 'milliard' ndilo bilioni yetu. Neno la Kifaransa 'billion' ni mara elfu zaidi, yaani trilioni. Ndivyo ilivyo pia kwa 'Billion' ya Wajerumani na 'billón' ya Wahispania. Waingereza wenyewe walikuwa na hesabu hiyo kubwa hadi mwaka 1974, serikali yao ilipotangaza kwamba katika takwimu zake bilioni itakuwa milioni 1,000. Kwa hiyo hata ripoti ya zamani ya London yaweza kumponza msomaji. Deni la taifa likikuzwa mara 1,000 kwa sababu ya neno moja, hakuna masahihisho ya kesho yatakayotosha.

Hatari nyingine ndogo iko kwenye kitufe cha kuchagua lugha. Tovuti zenye lugha nyingi hukisia lugha ya neno uliloandika, na maumbo hufanana. 'Gift' kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kijerumani ni sumu. 'Once' kwa Kiingereza ni mara moja, kwa Kihispania ni kumi na moja, jambo linaloweza kumdhuru mgonjwa ikiwa neno hilo liko kwenye chupa ya dawa. Chagua lugha mwenyewe kila mara. Kwa Kijerumani, Duden hukupa jinsia ya nomino na mnyambuliko wa kitenzi; kwa Kihispania, kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, husomwa bure na huonyesha maana fulani hutumika katika nchi ipi.

Kiarabu chahitaji nafasi zaidi kwa sababu wengi wetu twadhani twakijua nusu. Kamusi zake za jadi hazipangwi kwa herufi ya kwanza ya neno bali kwa mzizi. Kitabu, katibu na maktaba, maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea moja moja, kwa Kiarabu ni watoto wa mzizi mmoja wa k-t-b na hukaa pamoja. Lisan al-Arab ya Ibn Manzur, iliyokamilika mwaka 1290, hata huanza na herufi ya mwisho ya mzizi, na kumtoa jasho asiyeizoea. Ya Hans Wehr, iliyotolewa kwa Kijerumani mwaka 1952 na kwa Kiingereza mwaka 1961, hufuata mizizi kwa mpangilio wa kawaida na ndiyo inayotumiwa sana na wanafunzi wa Kiarabu cha kisasa. Katika tovuti, angalia kama unaweza kuandika neno lilivyo na kupelekwa kwenye mzizi wake, na kama irabu fupi zimewekwa, kwani bila hizo mgeni hawezi kulitamka.

Wala usiamini sura. 'Tafsiri' kwetu ni kutoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine. Kwa Kiarabu 'tafsir' ni ufafanuzi, hasa wa Kurani, na kazi ya kutafsiri huitwa 'tarjama', neno ambalo nalo tunalo katika 'tarjumi'. Yeyote anayetumia kamusi ya Kiswahili kukisia maana ya Kiarabu, au kinyume chake, atakutana na mitego kama hiyo kila hatua.

Kichina kimepata wanafunzi Kenya tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005. Kwao ipo kamusi ya wazi ya CC-CEDICT, mrithi wa mradi ulioanza 1997, ambayo programu nyingi za simu huitumia. Kinachopaswa kukaguliwa ni kama toni zimeonyeshwa na kama maandishi ya kale na yaliyorahisishwa yote yamo.

Lugha zetu za mama ndizo zilizo nyuma. Kwa Gikuyu, kamusi iliyohaririwa na T. G. Benson mwaka 1964 bado hutajwa na watafiti. Tovuti nyingi zinazodai kuzihudumia lugha hizi huziandika bila alama zake. Katika Gikuyu, ĩ na i ni irabu mbili tofauti, vivyo hivyo ũ na u, na tovuti inayozichanganya huunganisha maneno yasiyohusiana. Kabla ya kuitumia, tafuta neno moja lenye alama hizo. Kisha muulize nyanya yako kama maana iliyotolewa ni ya kweli.

Hata iliyo bora yaweza kufungwa. Macmillan ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapa tena kamusi za karatasi na itabaki mtandaoni tu. Tovuti hiyo ikafungwa Juni 2023. Kamusi ya bure ya Oxford, ambayo mwaka 2019 ilibadilishwa jina na kuwa Lexico, ilikuwa imetoweka Agosti 2022. Walimu waliokuwa wamewaandikia wanafunzi anwani hizo walilazimika kuanza upya. Basi yafaa kuwa na mbili kwa kila lugha unayoifanyia kazi, moja ikiwa ya karatasi, na kunakili pembeni maelezo ya maneno unayoyatumia mara kwa mara, pamoja na jina la kamusi na tarehe uliyoyasoma.

Ukinunua programu ya kamusi ya simu, soma kama maneno yote yanahifadhiwa ndani ya simu au yanavutwa kutoka mtandaoni kila unapotafuta. Ikiwa kuna muda wa majaribio, zima data kabla ya kulipa kisha utafute 'paa' na 'shinda'.